PowerRename: hodari kwa picha nyingi, ila haitakufikiria jina

Programu hii ya bure, sehemu ya PowerToys (mkusanyiko wa zana za ziada) za Windows, hubadilisha majina ya picha nyingi kwa mkupuo, mfano zile za kuweka kwenye tovuti. Kugeuza nafasi ziwe vistari ni rahisi, lakini hapo ndipo wengi hukwama: usipowasha chaguo la kubadilisha kila inapojitokeza, huguswa nafasi ya kwanza tu, na zilizobaki huwa %20 (alama ya nafasi) kwenye anwani ya wavuti ya picha. Washa na chaguo la herufi ndogo, hadi kwenye kiambishi cha faili (kama .jpg), kwa kuwa seva za Linux, kompyuta zinazohifadhi tovuti nyingi, kwa kawaida huona Kiti.JPG na kiti.jpg kuwa faili mbili. Onyesho la awali ni zuri mno. Ila IMG_4032 iwe kiti-cheusi-cha-mbao? Hiyo kazi yako, tena kabla ya kupakia picha kwenye tovuti; ukibadilisha jina baadaye viungo hukatika.