Jazz Advance ya Cecil Taylor: albamu iliyonirudisha kwake

Nilimjua Cecil Taylor, mpiga piano wa jazi wa Marekani, kwa kuanzia pagumu. Rafiki yangu alinirushia Unit Structures, albamu ya mwaka 1966, nikaizima hata wimbo wa kwanza haujaisha. Mimi nimekulia nyumba ambayo ukisema "jazi" watu wanaelewa Morogoro Jazz au Western Jazz, gitaa linatangulia na watu wanainuka kucheza. Yale niliyoyasikia siku ile kwangu yalikuwa makelele. Miaka miwili ilipita ndipo nikaagiza CD ya Jazz Advance, albamu yake ya kwanza. Sasa ni miezi sita naisikiliza karibu kila usiku, watoto wakishalala.

Ilirekodiwa Boston, Septemba 1956, na Transition, kampuni ndogo ya Tom Wilson, ambaye miaka ya mbele alikuja kusimamia rekodi za Bob Dylan. Taylor alikuwa na miaka 27. Besi anapiga Buell Neidlinger, drams Dennis Charles, na Steve Lacy anapuliza saksafoni ya soprano katika baadhi ya nyimbo.

Inafunguliwa na Bemsha Swing, utunzi wa Thelonious Monk na Denzil Best. Charles, mzaliwa wa kisiwa cha St. Croix, anashika mwendo na besi inatembea naye vizuri tu. Piano ndiyo inayokataa kwenda nao: inagonga, inanyamaza, inarudi mahali usipoitegemea. Nilidhani wamepotezana. Usiku mmoja nikaanza kufuata drams kwa kugonga meza kwa kidole, nikabaini kwamba Taylor anajua fika mdundo uko wapi. Anaujibu, kama ngoma kubwa inavyojibizana na chapuo. Tangu hapo masikio yangu yalifunguka.

Lakini hela yangu ilirudi kwenye You'd Be So Nice to Come Home To, wimbo wa mapenzi wa Cole Porter. Wenzake wote wanakaa pembeni, Taylor anabaki peke yake na piano kwa takriban dakika 9. Tafuta kwanza wimbo wenyewe ulioimbwa na mtu, uukariri, ndipo umsikilize yeye. Melodi ya Porter inachungulia, unaitambua, mara inafunikwa na mafuriko ya mkono wa kushoto, halafu kipande chake kinaibuka tena kikiwa kimevunjwavunjwa. Bila besi wala drams nilisikia kwamba mdundo wote anao yeye mwenyewe vidoleni. Niliporudi kwenye nyimbo za kundi nikaelewa kwa nini wenzake wanapata shida kumbana.

Hapo ndipo penye udhaifu, kwa masikio yangu. Katika Charge 'Em Blues, Lacy, kijana wa miaka 22 wakati huo, anapuliza kwa uzuri lakini kwa tahadhari, na piano haimsubiri. Linganisha na rekodi za Copenhagen za Novemba 1962, ukumbi wa Café Montmartre: besi hakuna kabisa, Sunny Murray ameacha kuhesabu mapigo kwenye drams, na Jimmy Lyons, mpuliza saksafoni, anamfuata Taylor popote anapokwenda. Wale walikuwa wameuzoea upigaji wake.

Upande wa ununuzi sikuridhika. Niliinunua kwa mtu anayeuza vitu vilivyotumika. Kasha lilifika limepasuka na kijitabu cha maelezo hakimo, ingawa kwenye tangazo kilikuwepo. Diski yenyewe ni safi, haikwami popote. Tumia spika au hedifoni nzuri, kwa sababu kwenye spika ya simu besi ya Neidlinger inapotea, na ikipotea hutajua Taylor anabishana na nani.

Sasa natafuta Looking Ahead! iliyorekodiwa mwaka 1958, ile yenye vibrafoni (ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa) ya Earl Griffith. Kabla ya kulipa nitaomba picha ya kijitabu.