Vipokea sauti vya masikioni kwa mpiga besi

Nimevitumia vipokea sauti hivi vya kuziba masikio, pamoja na miksa yake ndogo ya kufunga kiunoni, kwenye mazoezi na jukwaani. Kwenye miksa hiyo kila chombo kina kitufe chake cha sauti, na hapo ndipo penye utamu.

Noti ya chini kabisa ya besi ya nyuzi nne iko karibu hezi 41, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Kwenye jukwaa dogo linavuma kila kona na kuwafunika wenzako. Ukivaa hivi, mvumo unapungua, unasikia kiki (ngoma kubwa ya kukanyaga kwa mguu) inapoanzia na noti yako inapoishia. Hilo la kuishia limenifurahisha kuliko yote: ukiikata noti pale snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inapogonga, wimbo mzima unapata nafasi.

Ila tafadhali, usijipandishe sauti mwenyewe! Weka kiki na mwimbaji juu, gita la rithimu na kinanda vifuate, besi yako iwe ya mwisho. Kama humsikii mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kiitikio, jipunguze tena.

Vimpira vya kuingia sikioni vya saizi ya kati vilinipwaya na besi ikawa nyembamba. Vikubwa vikamaliza tatizo. Ukizima amplifaya kabisa unakosa mtetemo mwilini, kwa hiyo yangu naiacha ikilia kwa chini. Betri sina neno nayo.

Kwa bendi nzima, ningevinunua tena leo hii. Kwa kupiga peke yako chumbani, tunza hela yako.