Matembezi ya Arboretum kwa magongo: uzoefu wangu

Natembea kwa magongo tangu utotoni. Nikiona tangazo la matembezi ya msituni "kwa watu wote" huwa nalipita, maana hao wote huwa ni wenye mbio. Safari hii dada yangu alinilipia bila kuniuliza, shilingi 1,200, basi Jumamosi nikajikuta kwenye lango la Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, huku upande wa Ikulu.

Tulikuwa kumi na mmoja. Wawili kwa viti vya magurudumu, mama mmoja kiziwi, mzee asiyeona na mjukuu wake, na wengine ambao hatukuulizana wana nini. Sheria ilikuwa moja: mwenye mwendo wa polepole ndiye atangulie. Nikatangulizwa mimi. Nimezoea kuwafikia wenzangu wakiwa wameshapumzika, na nikifika tu wananyanyuka, haya twende. Siku hiyo nami nilipumzika.

Kwenye mkaratusi mmoja kiongozi alimwekea mzee kiganja shinani, pale gome linapobanduka kama karatasi. Kisha akampa jani. Mzee akalisugua, akanusa, akacheka: "Hili mama alikuwa akinifukizia mafua!" Tukaelezwa kwamba bustani ilianzishwa 1907 kujaribu miti inayokua haraka, ipatikane ya kuni za treni, leo ina aina zaidi ya 350. Mzee akataka kujua kama treni nazo zilinukia dawa.

Sasa lawama. Ujumbe wa waandaaji ulisema njia ni kavu na tambarare. Ijumaa usiku ilikuwa imenyesha, na hakuna aliyetuma neno. Udongo mwekundu wa Nairobi ukilowa unajulikana: mpira wa gongo langu la kushoto ulibaki kwenye tope, mjukuu wa mzee akauchimbua kwa kijiti. Mbaya zaidi, mkalimani wa lugha ya ishara aliahidiwa na hakutokea. Yule mama alijaribu kusoma midomo, lakini kiongozi alikuwa akieleza mambo huku ametupa kisogo. Alilipa kama sisi, akapata nusu. Hilo silitetei.

Ila ni yeye aliyemwona kima akishuka. Alipiga makofi kutuonya, tukachelewa. Njugu za kijana wa kiti cha magurudumu zikapanda mtini na mfuko wake.

Nitarudi Januari, ardhi ikiwa imekauka, na mpira wa akiba mfukoni. Dada atalipa tena.