Raba za indiketa ya pikipiki: zinafaa, au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

Assalaam alaykum, karibuni tena. Leo sina chombo kipya cha kukuonesheni, nina kipakiti hiki tu. Tizameni: raba mbili, washa pana mbili, yaani vile visahani vya bati vyenye tundu vinavyokaa chini ya nati, na nati mbili za loki, zile zenye duara la nailoni kwa ndani. Basi. Kinauzwa kama dawa ya indiketa inayocheza, na hapa Chake Chake nimekipata kwa shilingi elfu tano baada ya kuvutana kidogo na muuzaji. Sasa, kinafaa, au bora mtu anunue indiketa nzima, au aendelee na supagluu na tepu nyeusi kama tunavyoona kila siku barabarani?

Kwanza tuelewane indiketa inaregea kwa nini. Hizi pikipiki zetu za kawaida, za 125 na 150, mkono wa indiketa haukufungwa chuma kwa chuma. Kati yake na breketi kuna raba, na raba ile imewekwa makusudi: inameza mtetemo wa injini, na chombo kikianguka mkono unapinda badala ya kuvunjika. Sasa huku kwetu jua na hewa ya bahari vinaimaliza mapema. Inakakamaa, inapasuka, unene unapungua. Nati haijaregea hata kidogo, lakini indiketa inaning'inia. Mwenyewe anachukua spana, anakaza. Kesho anakaza tena. Na ile boliti ina tundu katikati, nyaya zinapita humo, kwa hiyo chuma chenyewe ni chembamba kuliko unavyodhani. Siku ikikatika, kazi ya raba imegeuka kuwa kazi ya kununua indiketa.

Hebu nisogeze kamera hapa nyuma. Mnauona huo mpasuko? Hii ni ya kushoto, na mkikagua vyombo vyenu mtakuta ya kushoto mara nyingi ndiyo inayotangulia kufa. Stendi iko kushoto, kwa hiyo chombo kinaangukia kushoto. Abiria anapandia kushoto, na mguu wake lazima uipige. Wengine wanaishika kabisa kama kishikizo cha kupandia, jamani! Msimu wa karafuu ukifika, gunia linafungwa nyuma, linashuka ubavuni, linaikalia njia nzima. Na Ijumaa nje ya msikiti, pikipiki zimebanana usukani kwa usukani. Mtu anatoa yake huku anazivuta za wenzake. Indiketa ya wapi itabaki salama hapo?

Haya, tufunge. Toa ufunguo wa kuwashia, fungua kiti. Nyaya za indiketa ya nyuma zinaishia hapa chini. Kwa zinazofuata mpango wa rangi wa Honda, na za Kichina nyingi zinaufuata, rangi ya chungwa ni kushoto, buluu ya maji ni kulia, kijani ni ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Chomoa plagi hizi mbili kwa kushika plagi, usivute waya. Nati inatoka kwa spana namba 14 kwenye hii yangu, nyingine ni 12. Lazima nati na washa zipite juu ya nyaya mpaka mwisho, na hapo ndipo ninapoanza kukilaumu kipakiti: washa hii haina mkato ubavuni. Ingekuwa na mkato, ungeipachika bila kugusa nyaya. Sasa plagi zikiwa nene inabidi uvue kava lake la plastiki kwanza. Kwa fundi si neno, kwa mtu wa nyumbani ni usumbufu.

Kabla ya kuweka raba mpya, safisha breketi. Hapa pana kutu, nimeipitisha msasa mpaka chuma kimeng'aa, kisha rangi kidogo. Na hizi plagi, mnaona kijani hiki? Hiyo ni kutu ya shaba, kazi ya chumvi. Ikizidi, taa inawaka kwa kusitasita na utaisingizia globu. Nimeikwangua.

Raba inaingia kwa shida kwenye tundu. Watu hupaka grisi hapa. Usipake! Mafuta yanaivimbisha raba na kuilainisha, utarudi dukani mapema. Maji ya sabuni yanatosha, yakikauka raba inashika. Ukishaipachika, weka washa, weka nati, kaza mpaka uone raba inaanza kubinyika pembeni, ongeza robo ya mzunguko, acha hapo. Hii nati haihitaji nguvu zako, nailoni ndiyo inayoizuia isirudi. Ila ukiifungua siku nyingine, bora uweke mpya, maana nailoni ikishachongwa meno haishiki kama mwanzo.

Barabarani sasa. Nimekwenda nayo Wete na kurudi kwenye lami, na nimeipeleka Vitongoji njia za ndani, penye mawe mawe. Indiketa inatikisika kidogo, na inatakiwa itikisike kidogo, lakini inarudi mahali pake. Nikiisukuma kwa kidole, hivi, inapinda na kurudi. Ile ya zamani ilikuwa ukiisukuma inabaki imelala.

Mtaniuliza supagluu. Supagluu ikikauka inakuwa kama kioo, na kioo na mtetemo havikai nyumba moja. Gundi ya mirija miwili ina nguvu zaidi, lakini umeshaifanya indiketa iwe kitu kimoja na breketi; chombo kikilala, kinachovunjika ni mkono wenyewe. Na ile gundi ya buluu ya kushika meno ya boliti, kama Loctite 243, ni nzuri sana kwa boliti za chuma, lakini ikidondokea baadhi ya plastiki inazipasua nyufa ndogo ndogo. Kwenye mkono wa plastiki mimi siiweki.

Kununua indiketa nzima? Kama kioo kimevunjika au mkono umekatika, nunua, hapo hakuna la kubishana. Lakini angalia usibebwe na hizi za LED zinazometameta. Globu ya kawaida ya indiketa ni wati 10, LED inakula kidogo mno. Flasha ya zamani, kile kidude kinachoifanya indiketa iwake na kuzima, inadhani globu imeungua, inaanza kupiga mbio. Kawaida ni mapigo 60 hadi 120 kwa dakika. Ikipita hapo, itabidi ununue na flasha ya LED. Hesabu yako ya dukani imeshabadilika.

Kuhusu kuiacha ikining'inia, kuna jambo moja watu hawalifikirii. Waya unasuguana na ukingo wa breketi, ganda linatoboka, unagusa chuma, fyuzi inakatika. Pikipiki nyingi ndogo zina fyuzi moja tu. Imekatika hiyo, umekosa honi, taa ya breki na indiketa zote kwa pamoja, usiku, na huku unataka kukata kulia mbele ya gari zinazokuja.

Kwa hiyo kipakiti nakikubali. Raba ni nzuri, nati ni nzuri, washa ni bati jepesi, nadhani masika mbili tatu itakuwa imeshika kutu. Mimi nitaibadilisha kwa ya chuma kisichoshika kutu. Wenye vespa za zamani, ambazo indiketa zimejengewa ndani ya bodi, hii haikuhusuni.

Ukienda kununua, nenda na raba yako ya zamani mkononi ulinganishe tundu, maana saizi hazifanani. Na ikunje raba mpya pale pale kaunta: ikionesha nyufa nyeupe kwenye mkunjo, imekaa dukani muda mrefu, mrudishie. Muuzaji asiyekuruhusu kufungua pakiti, nenda duka la pili.