Klia ya kopo: ijaribu kwa petroli kwanza

Kimlango cha kutilia petroli cha gari langu, Toyota IST, nilikipuliza rangi mwenyewe, bandani kwetu Fuoni, Unguja, pamoja na kipande cha bodi kilicho chini yake. Msasa namba 400, kisha 800 wa maji, praima (rangi ya msingi), rangi mikono mitatu, klia, yaani ile vanishi angavu ya juu ya rangi, mikono miwili. Kikang'aa kama kioo. Nikakaa siku kumi sikuligusa gari. Siku ya kumi na moja nikenda kutia mafuta, kijana akachomoa pampu, matone mawili yakateremka. Nikayafuta palepale, na klia ikaja na kitambaa. Iliyobaki ilinata kidoleni kama halua iliyo bado motoni.

Tangu nikisimulie kisa hiki nimeletewa malalamiko yaleyale, hasa na vijana wa bodaboda waliopaka matangi yao. Kila mmoja anaulaumu mkono wake. Mkono hauna kosa, jamani. Kosa ni klia.

Kwa hiyo makopo ya klia sitayapanga kwa kung'aa. Siku ya kwanza yote hung'aa. Rangi nayo ni kazi ya namba: isome kwenye kibati cha gari, kwa Toyota ni mstari wa C/TR, ukiona 040 ndiyo ile nyeupe tupu. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: ikidondokewa na petroli, itasimama?

Klia ya 1K, yaani ya kitu kimoja, hukauka kwa thina yake (kiyeyushi) kuvukia hewani, basi. Kinachobaki juu ya bati ni utomvu uleule uliokuwamo koponi, na ukirudiwa na petroli au thina hulainika tena. Ukiiacha mwezi itakuwa ngumu zaidi, lakini tabia yake ni ileile. Klia ya 2K, yaani ya vitu viwili, ina hadina, dawa ya kuigandisha. Vitu viwili hivyo vikishikana vinageuka kitu kingine, na petroli haivirudishi nyuma.

Ya kwanza kwangu, na sifichi mapenzi yangu, ni SprayMax 2K ya Ujerumani. Hadina imo ndani ya kopo, imefungiwa peke yake. Unachukua kile kitufe chekundu cha kwenye kifuniko, unakipachika kitakoni, unabonyeza, unatikisa dakika mbili. Mdomo wake unapuliza kwa upana kama bunduki ya fundi. Ukishabonyeza una saa 48 kwa joto la nyuzi 20, na kwetu joto halishuki hapo, kwa hiyo mimi hupanga vipande vyangu vyote na kulimaliza kopo siku hiyohiyo. Nilipulizia kipande cha bati, baada ya wiki nikakiwekea pamba iliyorowa petroli dakika mbili nzima. Hakuna alama.

Lakini hadina hiyo ina isosianati, na hiyo huharibu mapafu na inaweza kukuachia pumu. Barakoa ya kitambaa haikusaidii kitu. Vaa ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, miwani na glavu, fungua milango yote, na watoto wawe mbali.

Ya pili ni klia ya mkebe na hadina yake, ipulizwe na fundi mwenye kompresa. Wewe maliza msasa na rangi nyumbani, yeye apige klia tu. Achanganye mbele ya macho yako kwa kipimo kilichoandikwa mkebeni, maana wapo wanaoivuta kwa thina.

Ya tatu ni 1K za magari, kama Perfect Match ya Dupli-Color. Rangi yake chini ya klia ya 2K ni nzuri. Klia yake iachie saitimira na gril.

Makopo ya bei rahisi yapakieni mageti.

Na msipulize masika. Unyevu hugeuza klia ikawa na ukungu mweupe. Mimi hungoja kipupwe, saa nne asubuhi, umande umeshakauka.

Sasa wauzaji. Nilimuuliza yule aliyeniuzia kama kopo lina hadina. Akanambia, "Dada, zote zina hadina." Nilipomrudia na kitambaa mkononi akasema nimepuliza vibaya. Makopo yake anayapanga barazani, jua la mchana linayapiga, na kila kopo limeandikwa lisiwekwe juani wala lisipite nyuzi 50. Na bei! Maduka matatu mtaa mmoja, kopo lilelile, bei tatu. Wanajua abiria wa ndege haruhusiwi kubeba rangi ya kupuliza, hata ndugu akitoka Dubai hawezi kukutilia moja begini, basi wanatukamua watakavyo. Mwambie akupe kopo ulishike mwenyewe, uligeuze, umuoneshe kitako: pini ya hadina iko wapi? Akikasirika, ondoka.

Kile kimlango nilikikwangua mpaka kwenye praima nikaanza upya. Msasa, rangi na klia nilinunua mara ya pili, na dukani sikurudishiwa hata shilingi.