Kivinjari kizito, foleni imesimama: nilichorekebisha na nilichochagua

Nina steshenari ndogo Morogoro, karibu na kituo cha daladala: kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi na meza ya kukatia picha za pasipoti. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa riziki yangu inatoka sehemu moja, kuwajazia vijana waliomaliza kidato cha sita maombi ya mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) na maombi ya vyuo. Kazi yote hiyo inapita kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome. Kikiwa kizito, foleni inasimama na watu wanaangalia saa.

Msimu uliopita kilikuwa kizito mpaka nikakosa raha ya kufungua duka. Siku iliyoniuma zaidi alikuja binti na mama yake kutoka Mvomero. Walikuwa wamekamilisha kila kitu: cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA (wakala wa vizazi na vifo), fomu imepigwa mhuri wa serikali ya kijiji, wakili ameshasaini. Kilichobaki ni kuskani kurasa za saini na kuzipandisha, kazi ya dakika tano. Nikabofya. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka mpaka dirisha likapauka, likawa jeupe, na panya ikagoma kusogea. Nikafunga kila kitu, nikaanza upya, ikatokea hivyohivyo. Mama akaniambia taratibu, "Mwanangu, gari letu la mwisho linaondoka saa kumi na moja." Waliondoka hawajamaliza. Waliporudi kesho yake niliwapa nauli yao, maana ile siku ya pili haikuwa deni lao.

Mwanzoni nililaumu mtandao. Nikabadili laini, nikanunua bando kubwa zaidi, nikahamisha simu ya kugawia hotspoti kutoka droo nikaiweka dirishani. Haikusaidia kitu. Kilichonifumbua macho ni ile simu yenyewe: nilifungua ukurasa uleule wa maombi kwenye simu ukaja mara moja, huku kompyuta inayopokea intaneti kutoka kwenye simu hiyohiyo inazungusha kiduara. Kama chanzo ni kimoja, tatizo liko kwenye kompyuta. Jaribio hili halina gharama, na ningependa kila mtu alifanye kabla ya kwenda kuongeza bando.

Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka orodha ya Windows inayoonyesha nani anakula nini. Prosesa ilikuwa imetulia. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ilikuwa asilimia 94 na diski asilimia 100, imeng'ang'ania hapohapo. Mashine yangu ilikuwa na RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka haiwezi kasi hiyo hata kidogo. Ile sauti ya kukwaruza niliyokuwa naisikia chini ya meza miezi yote ndiyo hiyo, diski inachota na kumwaga bila kupumzika.

Sasa RAM ilikuwa imeliwa na nani? Watu wengi hawajui kwamba vivinjari vina orodha yao ya ndani. Kwenye Chrome, Edge na Firefox bonyeza Shift na Esc (Firefox unaweza pia kuandika about:processes mahali pa anwani). Utaona kila ukurasa na kila kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari) kinatumia kiasi gani. Mimi nilipoifungua nilitarajia ule ukurasa wa maombi uwe juu kabisa. Haukuwa juu. Juu alikuwepo kiendelezi cha kugeuza nyaraka kuwa PDF, kilichowekwa mwaka mmoja nyuma siku mteja alipokuwa na haraka, kikifuatiwa na ukurasa wa matokeo ya mpira ambao kijana wangu wa kazi aliufungua asubuhi, una tangazo la video linalojirudia lenyewe. Nikahesabu viendelezi: 7. Nilikuwa natumia kimoja.

Nilipofungua maelezo ya kile cha PDF nikakuta kina ruhusa ya kusoma na kubadili data zote kwenye tovuti zote ninazotembelea. Nilikaa nikaitazama sentensi hiyo. Kwenye mashine ile napitisha namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) za watu, namba za akaunti zao za benki, majina ya wazazi wao. Siwezi kusema kiendelezi kile kilifanya jambo baya, ila hakikuwa na sababu ya kuwepo. Nilikifuta pamoja na vingine vitano, na hapohapo RAM ikashuka. Kama huna uhakika viendelezi ndivyo tatizo, fungua dirisha la faragha (lile lisiloweka kumbukumbu za ulichofungua) ujaribu ukurasa uleule. Kwa kawaida viendelezi haviingii humo mpaka uviruhusu, kwa hiyo ukikuta humo mambo ni mepesi, umeshampata mhusika.

Inasaidia kuelewa kwa nini vivinjari vya leo vinakula RAM hivi. Mwanzoni mwa 2018 dunia ilitangaziwa udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre, ambao ungeweza kuruhusu tovuti moja kuchungulia siri za nyingine. Mwaka huohuo Chrome kwenye kompyuta ikaanza kuitenga kila tovuti kwenye mchakato wake, na Firefox ikafuata baadaye. Ni ulinzi wa maana sana, na mimi nautaka, lakini bei yake ni RAM. Vichupo 15 vya tovuti mbalimbali siku hizi ni kama programu 15 zimewashwa kwa pamoja. (Vichupo ni zile kurasa zinazojipanga juu ya dirisha. Chrome ukiiweka kwa Kiswahili inaziita hivyo, na nimelizoea neno lenyewe.)

Kitu ambacho sasa sikifanyi, na naona mafundi wengi wanakishauri, ni kufuta akiba ya kivinjari kila jioni. Akiba ni picha na vipande vya kurasa vilivyohifadhiwa ili visipakuliwe tena. Ukiifuta, kesho kila ukurasa unaanza kupakuliwa upya, unachelewa zaidi na bando linaliwa. Mimi nafuta tu pale tovuti moja inapoonekana imevurugika, na hata hapo naanza na Ctrl na F5, inayolazimisha ukurasa ule tu uje mpya. Arifa ni jambo jingine. Tovuti nyingi zinaomba ruhusa ya kutuma arifa, wateja wanabofya "ruhusu" ili kisanduku kiondoke, baada ya wiki mashine inarusha matangazo pembeni mwa skrini kutwa nzima. Niliingia kwenye mipangilio nikazuia tovuti zote zisiulize tena.

Baada ya usafi huo ndipo nikaanza kufikiria kuchagua kivinjari, na nashukuru nilifuata mpangilio huo. Ningeanza kwa kuhama ningehama na uchafu wangu.

Nilitumia wiki moja moja kwa Chrome, Edge, Brave na Firefox, kazi ileile, mashine ileile. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Chrome, Edge, Brave, Opera na Vivaldi ni ndugu wa tumbo moja, zote zimejengwa juu ya Chromium, msingi unaotoka Google. Edge ilihamia huko Januari 2020. Kwa hiyo mtu akitoka Chrome kwenda Brave akitegemea injini tofauti (sehemu inayosoma na kuchora kurasa), injini ni ileile, tofauti ni mwili na vifaa vilivyofungwa juu yake. Firefox ya Mozilla inatumia injini yake yenyewe, Gecko. Kwenye kompyuta, tangu toleo la kwanza la mwaka 2004 haijawahi kuwa na injini ya mtu mwingine.

Edge ilinishangaza kwa uzuri. Tayari imo kwenye Windows, na inavilaza vichupo visivyoguswa kwa muda ili virudishe RAM. Chrome nayo ina mpangilio kama huo wa kuokoa RAM, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya utendaji, uhakikishe umewashwa. Brave inazuia matangazo tangu unapoiweka, bila kuongeza kiendelezi chochote, na kwa mtu asiyetaka kuchokonoa mipangilio ningempa hiyo bila kusita.

Mimi nilibaki na Firefox, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uBlock Origin, kizuia matangazo cha bure. Chrome ilipobadili kanuni za viendelezi, uBlock Origin kamili iliacha kufanya kazi humo, ikabaki ile pungufu iitwayo Lite. Kwenye Firefox ipo kamili. Kwa mashine yenye RAM ndogo, kuzuia matangazo ni dawa ya kasi kabla hata ya kuwa raha ya macho, kwa sababu video na vijiprogramu vinavyofuatilia watu havipakuliwi kabisa. Ule ukurasa wa mpira uliokuwa unaniumiza ukafunguka kama ukurasa wa gazeti, maandishi na picha mbili. Bando la wiki nalo lilianza kufika Jumapili.

Sababu ya pili ni ya steshenari hasa, na ndiyo ninayoijali kuliko zote. Wateja wangu wanaingia kwenye barua pepe zao kupitia kompyuta yangu, na wengi wanaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Nimewahi kufungua Gmail nikakutana na barua za mtu aliyekuja juzi. Mtu anayekuamini na vyeti vyake hastahili hivyo. Sasa kila mteja namfungulia dirisha la faragha, na likifungwa, vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti hutumia kumkumbuka mtu) na kila alichoingia vinafutika. Angalia hapa lakini: madirisha ya faragha yaliyo wazi kwa wakati mmoja yanashirikiana. Ukimfungulia mteja wa pili kabla hujafunga la kwanza, anaweza kukuta akaunti ya mwenzake iko wazi. Kwa hiyo wateja wawili wakikaa sambamba kwenye mashine moja natumia kiendelezi cha Mozilla cha makasha ya akaunti, Multi-Account Containers, kinachotenga vidakuzi vya kila kichupo kwa rangi yake. Binti wa bluu, kaka wa kijani, hawagongani. Nilizima pia kile kisanduku kinachouliza kama kihifadhi neno la siri. Kwenye kompyuta ya watu wengi kisanduku hicho ni mtego, maana mkono wenye haraka unabofya "hifadhi" bila kusoma.

Hiyo haina maana Edge nimeitupa. Mifumo miwili ya maombi iligoma kupokea picha kwenye Firefox, ikapokea mara moja kwenye Edge. Waliotengeneza mifumo hiyo waliijaribu kwenye Chromium tu, basi. Naiweka Edge tupu kabisa, haina kiendelezi hata kimoja, kwa ajili ya siku kama hizo.

Kwenye simu hali ni nyingine. Bando likiwa limebaki kidogo nasoma habari kwa Opera Mini, maana kurasa zinapitia seva za Opera zikabanwa kabla ya kunifikia. Lakini kwa sababu hiyohiyo siijazii fomu yenye namba ya NIDA wala siingii nayo benki. Vitu hivyo nataka viende moja kwa moja kati yangu na tovuti husika.

Jirani yangu mwenye duka la kurekodi nyimbo kwenye flashi bado ana Windows 7, na ananiuliza aweke nini. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na Chrome ikaishia toleo la 109 mwaka 2023. Firefox toleo la 115, lile linalohudumiwa kwa muda mrefu, ndilo lililokuwa limebaki, na Mozilla iliisogeza mbele mara kadhaa tarehe ya kuliacha. Nilimwekea hilo, ila nilimwambia waziwazi, kaka, hapa tunavuta siku tu, usiingie benki kwa mashine hii.

Nami nilifika mahali ambapo mipangilio haikuweza kunisogeza zaidi. Mwezi wa tisa nilimwita fundi akaniongezea RAM ikawa GB 8 na kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Kabla ya hapo, baada ya usafi wa viendelezi, mashine ilikuwa inafanya kazi lakini nikizidisha vichupo 6 inaanza kuhema. Baada ya hapo nafungua 12 na Firefox inakuja kabla sijatoa mkono kwenye panya. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, mimi ningeanza na SSD, maana hata RAM ikijaa, anayepokea mzigo anaweza kuubeba.

Laptopu ya pili bado ni GB 4, na karatasi imebandikwa pembeni ya skrini yake kwa ajili ya kijana wangu: vichupo visizidi 6, dirisha la faragha kwa kila mteja, lifungwe kabla ya kumwita anayefuata. Binti wa Mvomero alipata mkopo. Alinipigia mwenyewe mwezi wa kumi na moja kuniambia.