Kitita cha mitihani ya majaribio ya Gredi ya Sita: kinafaa, ila si kwa jinsi kinavyouzwa

Katika vijia vinavyounganisha Barabara ya Tom Mboya na River Road, jijini Nairobi, wauzaji wa vitabu hupanga mezani vitita vya mitihani ya majaribio mara tu shule zinapofungwa mwezi wa Agosti. Nilinunua kimoja kwa shilingi 350 kwa ajili ya binti yangu aliye Gredi ya Sita. Kina seti kumi, kila seti ikiwa na karatasi za masomo yote yanayotahiniwa, na mwishoni mna kurasa chache za majibu. Duka sitalitaja, kwa kuwa vitita hivi hufanana kutoka meza moja hadi nyingine.

Uchapishaji wake ni wa kawaida: maandishi yanasomeka, lakini michoro ya sayansi imefifia kiasi kwamba mtoto hawezi kutambua sehemu za mmea anazoulizwa.

Kasoro kubwa zaidi imo katika maudhui. Jalada linaahidi kumsaidia mtoto kuvuka alama 400, ahadi iliyokuwa na maana enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza mwaka 1985, ambao katika miaka yake ya mwisho ulikuwa na jumla ya alama 500, na ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtoto wa Gredi ya Sita leo hufanya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa shule ya msingi iliyoanza mwaka 2022, ambayo matokeo yake huonyesha kiwango cha umilisi katika kila somo wala hayamzuii mtoto kuingia Gredi ya Saba. Hata hivyo si tathmini ya kupuuzwa, kwani kundi la kwanza la Gredi ya Tisa, mwaka 2025, lilihesabiwa asilimia 20 ya matokeo yake kutokana na KPSEA. Kwa hiyo mzazi anayenunua kitita ana haki ya kupata maswali ya mtaala wa sasa. Katika seti mbili za mwisho nilikuta maswali ya hisabati yanayohitaji kanuni ya Pythagoras, mada ambayo sasa hufundishwa Gredi ya Saba, na ni dhahiri kwamba karatasi za zamani zilivishwa jalada jipya. Mtoto asiyejua hilo hudhani kwamba amesahau jambo alilofunzwa, na hofu ya namna hiyo huingia upesi kuliko inavyotoka.

Seti zilizobaki, hasa za hisabati, ni nzuri kuliko nilivyotarajia, kwa sababu aliyezitunga alifikiria pia majibu yasiyo sahihi. Swali moja linauliza eneo la shamba la mstatili lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 8, na machaguo ni 20, 40, 96 na 192. Anayechagua 40 amejua kuhesabu, lakini ametafuta mzingo badala ya eneo. Anayechagua 20 amejumlisha pande mbili tu na kuishia hapo. Anayechagua 192 amepata eneo sahihi kisha akalizidisha kwa mbili bila sababu. Kosa la mtoto linamwonyesha mzazi mahali hasa pa kurudia, na hiyo ndiyo faida kubwa ya karatasi ya majaribio. Alama iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa haisemi lolote kuhusu hilo.

Inasikitisha, basi, kwamba sehemu ya majibu imeandikwa herufi tupu. Jibu la swali la kumi ni C, na hakuna neno hata moja la kueleza kwa nini. Katika seti moja ya Kiswahili majibu yameruka nambari moja kuanzia katikati, hivyo mzazi anayesahihisha kwa haraka baada ya kazi atamkosesha mtoto maswali aliyoyapata. Ninawasihi wazazi wajibu maswali wenyewe kabla ya kuuamini ukurasa huo.

Muuzaji alinishauri kwamba mtoto afanye seti moja kila siku hadi kitita kiishe, na ushauri huo siuungi mkono hata kidogo. Sisi tunafanya karatasi moja kwa kipindi kimoja, saa ikiwa mezani, na tunaisahihisha siku hiyo hiyo. Kabla ya kutazama machaguo, binti yangu huyafunika kwa kipande cha karatasi na kutafuta jibu kichwani mwake, kwa maana kulitambua jibu lililo mbele ya macho ni kazi nyepesi kuliko kulikumbuka. Kila alichokosa anakiandika katika daftari la makosa kwa maneno yake, anarudi kwenye kitabu cha darasani kusoma mada hiyo, kisha analijibu tena swali lile lile baada ya siku chache na baada ya wiki nzima. Utaratibu huu una msingi katika utafiti. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, nchini Marekani, walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba wanafunzi waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena, ingawa dakika tano baada ya kusoma ni hao wa pili waliokuwa mbele. Mzazi akiona mtoto anayaelewa yote kwa kuyapitia kwa macho jioni, asilipokee hilo kuwa ushahidi wa kutosha.

Wapo wanaonunua kitita hiki ili kumpelekea mwalimu wa tuisheni wakati wa likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kulazimishwa masomo ya ziada likizoni, nami naona kitita kinafanya kazi vyema zaidi nyumbani, mezani, mtu mzima akiwa karibu wa kuulizwa.

Kwa shilingi 350 ningekinunua tena, mradi kuwe na mtu wa kukaa na mtoto kusahihisha. Familia isiyo na nafasi hiyo itafaidika zaidi na kitabu cha marudio chenye majibu yaliyofafanuliwa, hata kama bei yake ni mara mbili. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akufungulie kurasa za majibu na seti ya mwisho ya hisabati; ukiona pembetatu ya Pythagoras, mrudishie.